Siku Zilizokufa Huzikwa Wapi?

Katika lugha ya afisi za serikali, siku ya likizo isiyotumika haipotei, haiibwi wala haicheleweshwi. Hufa. "Hizo zilikufa Juni," utaambiwa, na anayekuambia hatainua macho kutoka kwenye faili lake. Ukisikiliza haraka haraka utadhani ni jambo la asili, kama majani ya msimu uliopita. Hakuna aliyeziua. Zilikufa tu.

Neno hilo limenikaa kichwani tangu nilipoacha kazi katika serikali moja ya kaunti na kuanza kudai pesa za siku ambazo ningepaswa kupumzika na sikupumzika. Kila niliyemweleza alikuwa na maoni. Wengine waliniona mjanja, wengine waliniona mchoyo, na mmoja aliniuliza kama nimekosa kazi ya kufanya, jambo ambalo kwa mwandishi wa kujitegemea ni kweli siku nyingi za wiki. Lakini nyuma ya maoni yote hayo kuna swali ambalo nadhani ni zito kuliko pesa zenyewe. Mtu akiondoka katika kazi ya umma, je, ni haki aidai serikali imlipe mapumziko ambayo hakuyachukua? Na kama kupumzika ni haki ya binadamu, inakuwaje haki hiyo igeuzwe noti?

Tuanze na hesabu, kwa sababu maadili bila hesabu huishia kuwa mahubiri.

Niliajiriwa mwezi wa Julai kama karani wa masjala, mwaka mmoja baada ya kuacha chuo kikuu kwa sababu ya karo. Mkataba ulikuwa wa miaka mitatu, na ulinipa siku 30 za likizo kwa mwaka, sawa na watumishi wengi wa umma nchini. Niliondoka mwishoni mwa Oktoba, miezi 28 baadaye. Siku 30 mara mbili ni 60, na miezi minne ya mwisho inaleta 10. Jumla ni 70. Nilikuwa nimetumia 24. Sabini ukitoa 24 unabaki na 46.

Afisi nayo ilikuwa na hesabu yake. Mwaka wa kwanza nilitumia siku nne tu, zikabaki 26. Kanuni yetu ya kazi iliruhusu kuvusha siku zisizozidi 15 hadi mwaka unaofuata, kwa hiyo 11 zikafa. Mwaka wa pili nilikuwa na hizo 15 pamoja na 30 mpya, nikatumia 20, zikabaki 25. Kumi na tano zikavuka, 10 zikafa. Ongeza 10 za miezi minne ya mwisho, unapata 25. Mimi nasema 46, wao wanasema 25.

Tofauti ni siku 21. Bahati mbaya au bahati nzuri, hiyo ndiyo idadi ile ile ambayo Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, katika kifungu cha 28, inaitaja kuwa kiwango cha chini cha likizo ya malipo kamili kwa kila miezi 12 ya kazi. Yaani siku zilizokufa mikononi mwa afisi moja, kwa karani mmoja, zilitosha kuwa likizo ya mwaka mzima ya Mkenya ambaye mwajiri wake anampa kile tu ambacho sheria inamlazimisha.

Halafu kuna bei. Mshahara wangu ulikuwa shilingi 31,200 kwa mwezi. Ukigawanya kwa siku 30, siku yangu moja ni shilingi 1,040. Ukigawanya kwa 26, ambazo ni siku za mwezi bila Jumapili, inakuwa 1,200. Ukigawanya kwa siku 22 ambazo kwa kweli nilikuwa nikiripoti kazini, inakaribia 1,418. Mtu ni yule yule, kiti ni kile kile. Thamani ya siku yako inategemea ni nani ameshika kalkuleta, na mara nyingi si wewe. Afisi ilichagua 30. Ishirini na tano mara 1,040 ni 26,000.

Wakili akisoma hapa atakuwa tayari amekohoa. Atasema kanuni ya kuvusha siku ilikuwa ndani ya mkataba nilioutia sahihi, na kwamba sheria inalinda zile 21 za chini, si kila siku ambayo mwajiri ameongeza kwa hiari yake. Mwingine atamjibu kwamba sheria hiyo hiyo inaruhusu siku zilizosalia zichukuliwe hadi miezi 18 baada ya mwaka wake kuisha, na kwa kipimo hicho hata siku zangu za mwaka wa kwanza zilikuwa bado na miezi miwili ya uhai nilipoondoka. Wacha wabishane, hiyo ndiyo kazi yao. Mimi ninachouliza ni kama kuna haki katika kanuni inayoua siku bila kuuliza kwanza kwa nini hazikutumika.

Kuna njia mbili za kubaki na siku mkononi. Ya kwanza ni kukataa kupumzika. Kuna wafanyakazi wa aina hiyo, tusidanganyane. Wengine wanaogopa kwamba wakirudi watamkuta mtu mwingine kwenye kiti chao. Wengine wanajua kuna mambo ambayo hawataki mtu mwingine ayaone wakiwa hawapo. Wengine wanaweka siku kama mtu anavyoweka mahindi ghalani, wakingoja bei ipande, ili walipwe kwa mshahara wa mwisho uliokwisha kuwa mnono. Kwa watu kama hao, ukomo wa siku za kuvusha una maana. Unamwambia mtu: pumzika sasa, hatukuwekei benki.

Njia ya pili ni kunyimwa. Unajaza fomu, inarudi. Unajaza tena, inarudi. Katika miezi hiyo 28 fomu zangu tatu zilirudi na maneno yale yale kwa kalamu ya bluu: "Iahirishwe. Hakuna wa kushika nafasi." Chini yake sahihi na tarehe.

Sasa angalia kanuni inavyowatazama watu hawa wawili. Aliyekataa kupumzika na aliyenyimwa kupumzika, wote wanafika Juni 30 na siku zao zinakufa usiku huo huo. Kanuni haina jicho la kutofautisha. Mbaya zaidi, anayenyima ndiye anayehesabu. Ni kama umemwazima jirani sufuria, kila ukienda kuichukua anakwambia rudi kesho, halafu mwaka ukiisha anakuarifu kwamba muda wako wa kuidai umekwisha na sasa ni yake. Mtaani kwetu jambo kama hilo lina jina, na jina lenyewe si "kuvusha".

Siku ya kuondoka nilipewa karatasi ambayo kila mtumishi wa umma anaijua, ile fomu ya kuthibitisha kwamba hudaiwi. Unaizungusha kutoka afisi hadi afisi. Stoo wanaandika kwamba umerudisha mihuri na funguo. Watu wa kompyuta wanaandika kwamba umerudisha kipakatalishi. Wahasibu wanaandika kwamba huna imprest ambayo hukuieleza. Kila mtu anatia sahihi na muhuri, na mpaka muhuri wa mwisho upatikane, hulipwi chochote. Ilinichukua siku nne.

Niligeuza karatasi ile nikaangalia upande wa pili. Haukuwa na kitu. Hapakuwa na mstari hata mmoja ambapo serikali inathibitisha kwamba yenyewe haidaiwi na mimi. Dola ina utaratibu kamili wa kuhakikisha karani hajaondoka na stepla yake, na haina utaratibu wa kuhakikisha haijabaki na siku za karani. Hilo la kwanza hutendeka lenyewe. La pili ni lazima ulidai, uandike barua, ufuatilie, upige simu, ukae kwenye benchi.

Na ukishalazimika kudai, unageuka kuwa mtu wa kudai. Hapo ndipo aibu inapoanza kazi yake.

Mathe alikuwa wa kwanza. "Achana na serikali. Ulikula mshahara wao miaka miwili, shukuru Mungu." Hakusema hivyo kwa ubaya. Kwa mtu wa rika lake kazi ya serikali ni baraka, na baraka haiulizwi risiti. Beshte wangu mmoja naye akasema kinyume kabisa: nidai zote, nidai na riba, nidai mpaka nauli. Kati ya hao wawili nilikuwa naweza kusimama bila taabu. Simu ya tatu ndiyo iliyonitoa usingizi.

Ilitoka kwa yule aliyekuwa mkubwa wangu masjalani. Sote tulimwita Madam. Ndiye aliyenifundisha kufungua faili, kulifuatilia likipotea, na kutambua barua iliyorudishwa tarehe nyuma kwa kuangalia wino. Nilipougua homa ya matumbo alikaa kaunta siku tisa peke yake na bado alinitumia uji kwa mtu wa boda. Nafasi za masjala yetu kwenye karatasi zilikuwa nne. Tuliokuwapo ni wawili, mimi na yeye. Mbili zilikuwa wazi tangu kabla sijafika, zikingoja kibali cha kuajiri ambacho hakikuja.

Sahihi iliyo kwenye zile fomu tatu ni yake.

"Kijana wangu," aliniambia, "ukizipeleka hizo fomu, nani ataulizwa?"

Sikuwa na jibu la haraka, na sidhani kuna jibu la haraka. Hizo fomu ndizo zilikuwa ushahidi pekee kwamba siku zangu hazikufa kwa uzembe wangu. Nikizificha, afisi inabaki na hesabu yake ya 25 na mimi sina la kusema. Nikizitoa, mwanamke aliyebakisha mwaka mmoja na nusu kustaafu ataitwa aeleze kwa nini alikataza likizo. Shukrani ilinivuta upande mmoja, haki ikanivuta upande wa pili, na zote mbili zilikuwa na uso wa mtu mmoja.

Watu wengi husema katika hali kama hii, utu uje kwanza. Nakubali, lakini naomba tuutazame huo utu vizuri. Tunaposema "mhurumie bosi wako, usidai," tunafanya jambo la ajabu: tunalipa deni la taasisi kwa kutumia upendo wa watu binafsi. Kaunti haikujaza nafasi mbili. Madam akaziba pengo kwa kuninyima likizo, na kwa kujinyima mwenyewe, maana yeye ana siku nyingi kuliko zangu. Mimi nikaziba pengo kwa kukaa. Halafu mwisho wa yote naambiwa nizibe tena kwa kunyamaza. Kaunti yenyewe haijatoa kitu mahali popote katika mlolongo huo. Inatazama watu wawili wanaopendana wakisameheana deni lake.

Kwa hiyo nilizipeleka. Katika barua nilitaja kwamba masjala ilikuwa na nafasi nne na wafanyakazi wawili, nikataja mwaka ambao nafasi hizo ziliachwa wazi, na nikaandika kwamba aliyetia sahihi hakuwa na uwezo wa kuamua vinginevyo bila kufunga kaunta. Kila neno katika barua hiyo lilikuwa kweli. Nilimsomea Madam kwa simu kabla ya kuituma. Alinyamaza, akasema, "Haya," na hajanipigia tangu wakati huo. Miezi saba baadaye nililipwa shilingi 26,000 kwa zile siku 25. Kuhusu 21 nyingine sijapata jibu. Sheria inanipa miaka mitatu ya kwenda Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi, na saa inahesabu.

Sasa lile pingamizi kubwa zaidi, ambalo mimi mwenyewe nilijitupia usiku mmoja nikiwa nimelala macho wazi. Hizi ni pesa za umma. Serikali haina kiwanda cha kuchapisha huruma. Shilingi 26,000 zinazokuja kwangu zimetoka kwa mama anayeuza sukuma wiki na kulipa ada ya soko kila asubuhi, zimetoka kwa mtu wa boda anayelipa kodi ndani ya kila lita ya petroli. Kaunti zetu zina malimbikizi ya madeni ya wakandarasi waliojenga barabara na waliopeleka dawa hospitalini wakangoja malipo mpaka biashara zikafa. Katika foleni hiyo, kweli mtu mzima mwenye afya yake anasimama na kusema nilipeni siku ambazo sikulala nyumbani?

Ni pingamizi la heshima, na nchi nzima imewahi kulijaribu. Italia, mwaka 2012, ikiwa katika mbano wa madeni, ilipitisha sheria iliyokataza kuwalipa watumishi wa umma pesa za likizo isiyotumika wanapoondoka kazini. Lengo lilikuwa kudhibiti matumizi. Mtumishi mmoja wa mji wa Copertino, kusini mwa nchi hiyo, alikuwa amefanya kazi tangu mwaka 1992. Mwaka 2016 aliacha kazi kwa hiari ili astaafu mapema, akiwa na siku 79 ambazo alisema hakuzitumia. Mji ukamwonyesha sheria. Yeye akaenda mahakamani, na kesi ikapanda hadi Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya kule Luxembourg. Hukumu ilitolewa Januari 18, 2024. Mahakama ilisema kubana matumizi ya serikali si sababu ya kutosha ya kumnyima mtu malipo hayo, na kwamba kuacha kazi kwa hiari yake hakufuti deni. Ikaongeza jambo ambalo ningependa libandikwe ukutani katika kila afisi ya wafanyakazi: mtu hupoteza siku zake ikiwa mwajiri alimpa nafasi ya kweli ya kuzichukua, akamwonya kwamba zitapotea, na yeye kwa kujua akakataa. Na wa kuthibitisha hayo ni mwajiri.

Hukumu ya Luxembourg haifungi kaunti yoyote ya Kenya. Nimeitaja kwa sababu inatoa lile jicho ambalo kanuni yetu haina. Inamtofautisha aliyekataa na aliyenyimwa, na inamtwika mzigo wa ushahidi yule mwenye kabati la faili. Si wazo geni hata kwetu. Sheria yetu ya mwaka 2007, kifungu cha 74, inamtaka mwajiri aweke rekodi ya likizo ya kila mfanyakazi: siku anazostahili, alizotumia na zilizobaki. Mwajiri anajua. Siku zote alikuwa anajua.

Na mama wa sukuma wiki? Nadhani tunamtumia vibaya tunapomtaja katika hoja hii. Yeye tayari alipokea zile siku. Aliyekuja kutafuta leseni ya kibanda chake mwezi wa Aprili alinikuta kaunta, siku ambayo kwa haki ningekuwa kwetu nikivuna maharagwe na shosho. Huduma alipewa, kodi alilipa. Kilichobaki ni kwamba katikati ya kodi yake na huduma yake kulikuwa na kitu kilichochukuliwa bila kuandikwa. Kuchukua bila kuandika si kubana matumizi. Ni kukopa kwa siri. Na serikali inayojifunza kukopa kwa siri kutoka kwa karani wake haitashindwa kukopa hivyo hivyo kutoka kwa mwenye kibanda.

Lakini nikiisha kulijibu hilo, bado lile swali la kwanza linanitazama. Kupumzika kuna bei kweli?

Azimio la Kimataifa la Haki za Binadamu la mwaka 1948, katika kifungu cha 24, linaweka kupumzika na likizo ya malipo ya mara kwa mara miongoni mwa haki za kila mtu. Mkataba nambari 132 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1970, ambao Kenya iliuridhia mwaka 1979, unakwenda mbali zaidi: makubaliano ya kuiacha likizo yako ya chini kwa malipo hayatakiwi kutambuliwa. Hata ukitaka mwenyewe, huruhusiwi kuiuza. Halafu mkataba huo huo unasema ukiondoka kazini, ulipwe fidia ya siku ulizochuma na hukuzitumia. Yaani Jumatatu ukiwa kazini mapumziko yako hayauzwi kwa bei yoyote. Jumanne umeondoka, yanatiwa kwenye mzani.

Kabla sijaacha chuo nilipitia somo moja la falsafa ambako tulisoma Kant, yule Mjerumani wa karne ya 18 aliyegawa vitu vyote katika makundi mawili: vyenye bei, ambavyo unaweza kuweka kingine mahali pake, na vyenye hadhi, ambavyo hakuna cha kuweka mahali pake. Siku ya likizo iko kundi gani? Yale maharagwe ya shosho ya Aprili yalivunwa bila mimi. Mwaka uliofuata hakuwepo wa kuvuna naye. Hakuna shilingi 1,040, wala 1,200, wala 1,418, inayoweza kukaa mahali pa siku ile. Waswahili wanasema dawa ya deni ni kulipa, lakini hiyo dawa imetengenezewa deni la unga na la kodi ya nyumba. Deni la siku halina dawa. Siku haina mbegu.

Kwa muda nilidhani hoja hii inanishinda. Kama siku haina bei, basi kupokea pesa ni kukubali uongo kwamba tumemalizana. Bora nikatae kabisa, niwaache na deni lao. Inapendeza kusema hivyo. Inapendeza hasa ukiwa na kodi ya nyumba iliyolipwa.

Kilichonibadilisha mawazo ni masjala yenyewe. Ukikaa miezi 28 kati ya kabati za faili unajifunza jambo moja kuhusu serikali: haioni, haisikii, haikumbuki. Inasoma tu. Kisichoandikwa hakijatokea. Machovu ya Madam hayana nambari ya faili. Siku zangu zilizokufa hazionekani katika bajeti yoyote, na kwa sababu hazionekani, kwa kaunti zile nafasi mbili wazi hazigharimu chochote. Masjala inafunguliwa saa mbili asubuhi, barua zinapokelewa, mambo yanaenda. Kwa nini mtu apitishe kibali cha kuajiri wakati kazi inafanyika bure?

Siku iliyokufa haizikwi makaburini. Inazikwa ndani ya ile nafasi ambayo haijajazwa, na kila mwaka Juni 30 inaongezwa nyingine juu yake.

Ndiyo maana naona kudai si kuuza mapumziko. Pesa ile si bei ya siku yangu. Ni alama tu kwenye kitabu cha hesabu, katika lugha pekee ambayo kitabu hicho kinaielewa, kwamba siku ilikuwapo, ilikuwa ya mtu, na ilichukuliwa. Anayedai anailazimisha serikali kuandika kile ilichokuwa ikichukua kimya kimya. Wakidai karani mmoja, mhasibu anakuna kichwa. Wakidai 40 katika idara moja, mtu mahali fulani atalinganisha jumla yao na mishahara ya nafasi mbili za masjala, na kwa mara ya kwanza kumnyima mtu likizo kutaonekana ghali kuliko kumpa.

Kwa hiyo anayeondoka ana wajibu wa kipekee. Aliye ndani hawezi kudai kwa sauti, ana mkataba wa kuongezewa, ana cheo cha kungojea, ana Madam wake. Aliyetoka hana cha kunyang'anywa isipokuwa urafiki, na huo, kama nilivyoona, unaweza kuumia kweli. Silisemi kama dogo. Lakini aliyeondoka akinyamaza kwa sababu ya heshima, anayeumizwa na heshima hiyo ni yule aliyekalia kiti chake, ambaye fomu yake itarudi na maneno yale yale.

Nafasi mbili bado ziko wazi, nimesikia. Madam atastaafu mwakani akiwa na siku nyingi kuliko mimi, na ataambiwa nyingi kati ya hizo zilikufa. Nakala ya barua yangu anayo. Kama atataka kuitumia, jina langu linaweza kufutwa na lake likawekwa, hesabu ni zile zile. Na kama wewe bado uko ndani, kwenye kaunta yoyote ya nchi hii, fomu yako ikirudi na "Iahirishwe", usiitupe. Ipige picha, tarehe ionekane.